Kigugumizi cha Upande B

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Nimerudi kutoka kwa rafiki yangu Kayitare kabla ya saa kumi na moja. Si kawaida. Alhamisi zetu huanza saa tisa mchana, na huisha pale Mukandori, mkewe, anapokuja kunikumbusha kwamba mimi pia nina nyumba.

Hatukugombana. Hakuna neno baya lililosemwa. Lakini nimeona kitu, na nimeshika kalamu kabla ya kuvua koti, nisije nikakitengeneza upya kichwani.

Tulikuwa tumemaliza ile santuri ya kinanda cha kanisa. Tulikuwa tunabishana, kama siku zote, muziki ule ni wa tukio gani. Mimi nasema ni mazishi. Yeye anasema ni harusi, ila bwana harusi alikwisha kufa. Simu yake ikalia, akatoka uani kutafuta mtandao. Mukandori alikuwa anafagia chumba cha kulala. Akaja na santuri mkononi, imevaa karatasi nyeupe tu, haina jalada. Akasema hii inakaa chini ya kitanda inakula vumbi, na wenye wazimu wa diske muko hapa, muiweke na wenzake. Akaiacha juu ya rundo, akarudi kwenye ufagio wake.

Karatasi ile ina tundu katikati. Ndani ya tundu niliona lebo ya njano, jogoo mwekundu pembeni, maneno ya Kitaliano. Sikuhitaji kuyasoma. Nyumbani kwetu tuliiita Mjane wa Ziwani.

Kayitare akaingia. Macho yake yalifika kwenye santuri kabla ya kufika kwangu. Akacheka — haraka mno — akasema hiyo ni takataka, upande B umekufa, alisahau hata kuitupa. Akaichukua, akaenda nayo chumbani. Ufagio ukanyamaza. Nikasikia sauti ndogo za mume na mke.

Miaka tisa ninamsimulia mtu huyu habari za Mjane wa Ziwani. Miaka tisa! Anajua niliipotezea Bukavu. Anajua kwa nini naitaka. Na alikuwa nayo chini ya kitanda.

Ijumaa, 4 Oktoba

Niandike taratibu, kwa mpangilio. Shuku isiyo na mpangilio ni umbea tu.

Kwanza, santuri zenyewe. Mwaka 1978 nilikuwa muuza vitabu Bukavu. Fundi mmoja Mwitaliano wa kiwanda cha chai alikuwa anarudi kwao, akaniuzia vitabu vyake, na juu yake akaniongezea katoni ya sabuni yenye santuri kumi na moja. Zote muziki wa filamu za kutisha. Majumba, makaburi, wanawake wenye nywele mvua. Filamu zenyewe sijawahi kuziona. Hata moja. Nilikuwa na muziki, na picha ya kwenye jalada, basi. Filamu tulijitengenezea wenyewe, mimi na marehemu Védastine, tumekaa sakafuni. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi. Mimi niliweka maiti mahali pa kawaida. Yeye aliiweka mezani, inakula.

Honorine, binti yangu ninayeishi naye hapa upande wa Kamembe, kuvuka mpaka kutoka Bukavu, haachi kuuliza kwa nini mzee aliyekimbia vita mara mbili anakusanya muziki wa kuogopesha. Nampa jibu tofauti kila mara. Namwambia ni harufu ya karatasi ya zamani. Namwambia ni ule mchakacho mdogo wa sindano kabla ya noti ya kwanza, kama mtu anayetembea juu ya chumvi. Namwambia ni wale wapiga fidla wasiojulikana, walioitwa studio asubuhi moja, wakalipwa, wakaenda kula, na leo bado wananisimamisha nywele. Yote kweli. Lakini jibu lenyewe ni kwamba hofu ya kwenye santuri hukaa ndani ya mistari yake. Dakika kumi na tisa, unainua mkono wa gramafoni, na chumba kiko vile vile. Hofu nyingine nilizozijua hazikuwa na mkono wa kuinua.

Pili, kigugumizi. Mwaka 1991, mchana, Mjane wa Ziwani inacheza, upande B. Mama yangu akaingia bila hodi. Mama aliamini muziki ule unaita mashetani, na Védastine alikuwa amemwahidi kwamba tumeutupa. Védastine akaurukia mkono wa gramafoni, auzime muziki. Sindano ikachana santuri. Tangu siku hiyo, wimbo wa tatu, pale mwanamke anapoimba bila maneno na sauti yake inapanda ngazi — ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu — alikwama kwenye ya tatu. A-a-a-a-a. Mpaka mtu apige sakafu kwa kisigino, ndipo apande. Watoto waligombania kazi hiyo.

Védastine alifariki Kigoma, 2001, malaria. Hakuna kanda wala simu iliyoshika sauti yake. Mkwaruzo ule ndio kitu pekee alichokifanya ambacho bado kinaweza kusikika.

Tatu. Oktoba 1996 tulitoka katika nyumba yetu mtaa wa Nguba, Bukavu, na watoto wawili na godoro. Santuri zilibaki kabatini. Kama ile ya chini ya kitanda ni yangu, ilitokaje kabatini kwangu? Nani aliyefungua? Na mtu ninayekaa naye kila Alhamisi ni nani?

Nne, nisilisahau. Siku ya kwanza tulipojuana, yeye ndiye aliyeweka sharti. Sisi wawili, alisema, tuna sheria moja: hatuulizani chanzo. Niliona ni wivu wa wakusanyaji. Mimi pia nina vichochoro vyangu vya kununulia ambavyo simwonyeshi mtu. Leo sheria ile inanuka.

Jumapili, 6 Oktoba

Honorine amecheka mpaka akaweka kisu chini. Alikuwa anakata vitunguu.

Ameniambia bazee babili banataka kuvunja urafiki juu ya kitu yenye haikuliwe. Tena diske ziko mingi mu dunia. Yule Mwitaliano alinunua moja, kiwanda kilitoa ngapi? Hoja nzuri. Kisha akawa makini kidogo.

— Papa, umuulize tu. Ule muntu anakulaka kwetu.

Nimemwambia ukimuuliza mtu, unampa nafasi ya kutunga. Ukisikiliza santuri, haitungi. Ina kigugumizi au haina.

Amesema basi kesho anavuka na nyanya za kuuza, daraja la mpakani, Rusizi ya kwanza, na foleni ya kunawa mikono na kupimwa joto kwa ajili ya homa iliyozuka ni ndefu, hana nafasi ya mashetani yangu.

Nilichokificha kwa Honorine ni hiki. Gramafoni yangu inazunguka lakini haina sindano tangu 2019. Mudathiru, fundi wa Kamembe, ameitafuta mpaka Bujumbura. Hakuna. Sindano nzima iliyobaki katika wilaya hii, kwa ninavyojua, iko kwa Kayitare. Yeye ana sindano, mimi nina santuri nyingi. Nikimpoteza, nimepoteza masikio yote mawili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeomba. Nilivyopanga: bila uzito, katikati ya chai. Nilimwambia, ile takataka yako, hebu niisikie tu, hata upande mmoja, nikumbuke zamani.

Kayitare alisugua goti lake. Ana miaka sabini na mmoja, alitengeneza redio maisha yake yote, na mikono yake haitetemeki hata leo. Akasema, musaza, mzee wangu, itakuumiza roho bure. Nikasema roho ni yangu. Akaenda chumbani, akakaa huko muda. Akarudi nayo.

Upande A ukacheza wote. Hakuna aliyetunga filamu, aseme nani anafungua mlango gani. Kisha akageuza. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu — mwanamke akaanza kupanda. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Nilishika kiti.

Akapita! Ya tatu, ya nne, mpaka juu kabisa, na fidla zikamfuata. Mikwaruzo, ndiyo. Kelele kama mvua ya mawe. Lakini hakukwama.

Si yangu.

Nilimshika Kayitare mkono, nikamwambia ni muziki mzuri. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa na aibu ya siku saba. Na kitu kingine, nikiri: huzuni. Nilitaka ikwame.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sarafu.

Nilikuwa nanyoa. Nikasimama na povu shavuni. Juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, siku ile, kulikuwa na sarafu ya faranga mia, imegandishwa kwa utepe wa umeme.

Kila mwenye santuri anaijua hila hiyo. Sindano ikiruka, unaielemeza. Uzito unaibana ndani ya mstari, na inapita juu ya jeraha bila kusimama. Lakini Kayitare hafanyi hivyo! Mwaka jana nilitaka kuweka sarafu kwenye santuri yangu moja, akanipokonya mkononi. Alinipa hotuba. Sarafu ni kisu, alisema, kila mzunguko unakata nyama. Afadhali iruke kuliko iliwe.

Leo yeye mwenyewe anaweka kisu, juu ya santuri moja tu. Aliiandaa kule chumbani? Hapana, gramafoni iko sebuleni. Basi aliiweka nilipoinama kumimina chai. Alijua wapi pa kuficha. Na anayejua pa kuficha anajua kilichopo.

Au alitaka nisiumie? Au upande B wake una jeraha lake jingine, na alitaka tu nisikie wimbo mzima?

Ninaandika na povu limekauka.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekutana na Mukandori kwenye kibanda cha maziwa. Ananiita Papa Honorine, mimi namwita Mama Izabayo, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliye Kigali. Mwanamke wa wazi. Mtu wa kusema kitu kikiwa bado cha moto.

Nilimsifu kwa usafi wake chini ya vitanda. Akacheka. Akasema diske ile anaijua sana, ni mzee kuliko ndoa ya Izabayo. Mumewe aliileta ule mwaka wa fujo. Alirudi toka ng'ambo suruali imelowa mpaka mapajani, na kitu chini ya shati. Yeye alidhani ni sabuni — sabuni ilikuwa haipatikani. Kumbe sahani ya kuimba! Alimnunia siku mbili.

Toka ng'ambo, yaani Bukavu, mwaka ule ule wa 1996. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Ni kweli kwamba Kayitare zamani alivuka kila wiki na mfuko wa zana, kutengeneza redio za Bukavu. Mitaa yetu aliifahamu. Nguba aliifahamu. Labda hata redio ya nyumba yangu — nani alikuwa anatazama uso wa fundi?

Nimekunywa maziwa yangu nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefanya kitu cha wizi. Nakiandika.

Mvua ilianza saa tisa na nusu. Mukandori alikuwa kanisani, kwa wamama wa kwaya. Nilimwomba Kayitare tuisikilize tena ile. Hakubisha. Alionekana amechoka. Aliiweka, akaweka na sarafu — safari hii mbele ya macho yangu, bila kificho. Upande B moja kwa moja. Wimbo wa pili ulipoanza, maji yakaanza kuingia kupitia dirisha la jikoni, akatoka mbio kwenda kulifunga.

Nikaondoa sarafu. Utepe ulitoa mlio mdogo. Mkono ukawa mwepesi.

Wimbo wa tatu. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

A-a-a-a-a-a-a—

Ilikuwa pale pale. Ile ile pumzi iliyokatika kabla ya herufi kwisha. Sikuhesabu. Sikupiga sakafu. Niliiacha ikwame, ikwame, na nilijua yuko nyuma yangu mlangoni, kwa sababu maji yalikuwa yanadondoka kutoka mikononi mwake.

Hakuinua sindano. Alisema:

— Siku ya kwanza, wakati ulileta gramafoni yako nitengeneze, njo uliniambia habari yake. Ulipiga na kisigino hapa chini, unionyeshe. Nilienda kuiweka. Ikakwama. Sikukula siku ile.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka tisa.

— Kila Alhamisi nilisema ni leo. Kisha nikajiuliza: nikimupatia, atarudi tena Alhamisi ingine?

Mwanamke wa kwenye santuri aliendelea kukwama. Hatimaye mimi ndiye niliyeinua mkono. Nikachukua kofia. Santuri sikuichukua. Kulikuwa na mvua, na haina jalada, na hata ikiwa ni yangu niliyoibiwa, siwezi kuitembeza kwenye mvua. Nilitembea mwenyewe kwenye mvua hiyo hiyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Alipiga simu asubuhi. Nilipokea kwa sababu sikuwa nimevaa miwani, sikuona jina.

Alisema, bila salamu, kama mtu anayesoma. Kwamba aliinunua soko la Kamembe, mwisho wa 1996. Kwamba vitu vya ng'ambo viliuzwa juu ya mashuka: sufuria, viatu vya watoto, saa za ukutani. Kila mtu alinunua, kila mtu alijua. Yeye aliona picha ya mwanamke kwenye jalada, anatoka majini, akaipenda. Hakuuliza jina la muuzaji. Jalada lililiwa na mchwa. Basi.

Sokoni, nilirudia. Ndiyo, sokoni.

Na suruali iliyolowa mpaka mapajani? Soko la Kamembe liko juu ya kilima, halina maji ya kuvuka. Sikusema hivyo. Nilikata simu.

Hadithi mbili sasa. Katika moja, rafiki yangu ni mnunuzi wa mali ya watu waliokimbia, kama nusu ya mji ule. Katika nyingine ameingia nyumbani kwangu, amefungua kabati langu, na kwa miaka tisa amenimiminia chai.

Sitakwenda tena.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua kila siku. Ng'ambo haionekani, hata Nguba ambayo iko hapa puani.

Nilikuwa natafuta neno kwenye kamusi yangu ya Kifaransa, ile kubwa, yenye uti uliogandishwa kwa gundi ya viatu. Ninaifungua kila siku. Leo ikafunguka kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ule ninaoupita kila mara. Kuna jina, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mwanafunzi mwenye bidii: Christophe-Aimé, Uvira, 1988. Na chini yake: Atakayeiokota, airudishe.

Nilinunua kamusi hii Kigoma mwaka 1998, kwa mtu aliyekuwa na vitabu kwenye gunia la unga. Niliuliza chanzo? Sikuuliza. Uvira ilikuwa ng'ambo tu ya ziwa, na Kigoma yote ilikuwa imejaa watu wa Uvira. Ningeweza kuliuliza jina hilo kanisani Jumapili moja. Muuza vitabu mzima! Nilijua kabisa. Nilifungua ukurasa unaofuata, miaka ishirini na sita.

Hili halimfanyi Kayitare kuwa msafi. Linanifanya tu nisikae vizuri kwenye kiti hiki.

Lakini mimi sikuingia nyumbani kwa mtu. Kama yeye aliingia, hatulingani. Kila kitu kinategemea hapo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Saa tisa ilipita nikiwa nimekaa. Sijui mtu hufanya nini Alhamisi.

Saa kumi Mukandori akaja, amebeba kitu ndani ya kitenge, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema yeye amekuwa bibi wa pili katika ndoa ya bazee babili, na amechoka. Mumewe tangu ile siku hali, haongei, anapangusa gramafoni ambayo haina vumbi.

Akafungua kitenge. Santuri, katikati ya mbao mbili nyembamba, imefungwa uzi. Na kiberiti. Ndani ya kiberiti, juu ya pamba, sindano.

Sindano yake! Akiniachia hiyo, hana kitu tena. Gramafoni yake ni sanduku.

— Anasema ubaki na byote bibili, Papa Honorine. Haongeze neno.

Nilimwuliza, polepole, ile siku ya mwaka wa fujo: alitoka ng'ambo ao alitoka sokoni? Alinitazama. Alikunja kitenge mara mbili, mara nne. Akasema: alisema ng'ambo? Labda alisema. Ni zamani, na siku zile kila mtu alirudi amelowa, mvua ilikuwa mingi.

Amefundishwa? Au amekumbuka vizuri zaidi? Au mimi ndiye niliyemfundisha, kwa uso wangu? Mwanamke ambaye kwenye kibanda cha maziwa hakuwa na shaka hata ya sabuni.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniaga kwa heshima zote. Hakugeuka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Honorine hakuvuka leo. Nilimwita aketi.

Nilifunga sindano mwenyewe, nusu saa, na miwani miwili. Gramafoni yangu ilikohoa, ikazunguka. Bila sarafu. Upande B.

Honorine alikuwa anachambua mchele, hasikilizi, ananisimulia habari ya afisa mmoja wa mpakani anayetaka kuoa Chloé, mwenzake wa biashara. Mwanamke akapanda ngazi. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, akakwama. Na kisigino cha Honorine kikagonga sakafu. Pa! Hakuacha hata kuongea. Sauti ikapanda ya nne, ikaenda zake.

Kisha akaacha mchele. Akatazama mguu wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili tulipoondoka Nguba.

Alilia kidogo. Mimi pia. Akauliza kama ni Mama. Nikamwambia ndiyo, ni mama yako anashtukizwa na bibi yako bila hodi. Tukacheka katikati.

Akaomba niirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alikwenda kuangalia moto, nikabaki peke yangu na santuri. Upande A. Kuna mahali fidla zinatulia na tone moja la kinanda linaanguka, na nikajikuta nasema kwa sauti kwamba huyo si mjane, huyo ni dada wa mjane. Nikangoja mtu aniambie sina akili.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimetuma ujumbe kwa simu. Maneno matatu. "Alhamisi uje kwangu." Sikuweka alama ya kuuliza.

Honorine anadhani nimesamehe. Sijasamehe. Sijui hata ninachotakiwa kusamehe, ununuzi au kabati. Nimemwalika ili nimuulize uso kwa uso, mahali ambapo hakuna Mukandori wala dirisha la kukimbilia. Sokoni ao ng'ambo? Nimejifunza kulisema bila kutetemeka.

Hakujibu ujumbe.

Alhamisi, 31 Oktoba

Saa nane na dakika arobaini. Jua baada ya wiki tatu. Nguba inaonekana mpaka madirisha.

Nimeiweka Mjane wa Ziwani kwenye gramafoni, upande A, mkono bado uko kwenye nguzo yake. Nimenyoa. Nimevaa shati la misa, nikalivua, nikavaa la kila siku.

Kutoka kwenye meza hii naona njia yote mpaka kwenye mgomba. Saa nane na dakika hamsini ametokea. Amevaa koti la kanisani. Mikono mitupu, na hajui aiweke wapi, naona anaificha mfukoni, anaitoa. Amesimama kwa jirani, anasalimia mtu. Anasalimia muda mrefu mno. Yule jirani amekwisha ingia ndani, yeye bado amesimama.

Nimelifikiria hili vizuri, sitaki kujidanganya. Nikimuuliza, na akanijibu kweli, huenda nikajua. Akisema sokoni, sitamwamini kabisa. Akisema ng'ambo, nitamwonyesha mlango. Kwa vyovyote, Alhamisi zimekwisha. Nisipomuuliza, nitakaa na mtu nisiyemjua, na ataniambia upuuzi juu ya dada wa mjane, na nitabisha.

Ana miaka sabini na mmoja. Mimi sabini na minne. Zimebaki Alhamisi ngapi?

Sasa anapanda. Polepole, anashika goti. Hajatazama dirishani.

Honorine anauliza kutoka jikoni, aandae bikombe bibili ao kimoja. Nimesikia. Ninaandika kwanza.

Anauliza tena.